Je, Wajua? Harar, Mji Unaowafungulia Fisi Njia

Wageni wengi wanaokwenda Ethiopia hukimbilia Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba. Anayesafiri peke yake, asiyefungwa na ratiba ya kundi, anaweza kugeukia mashariki. Zaidi ya kilomita 500 kutoka Addis Ababa, juu ya vilima, uko Harar, mji mkongwe wa Kiislamu ambao mtu wa pwani yetu atauona mgeni na papo hapo atauona wa kwao.

Je, wajua kwamba saa za Ethiopia ni saa za Waswahili? Huko nako siku huanza kuhesabiwa macheo. Ukiambiwa basi linaondoka saa 12 asubuhi, ni alfajiri ile ile uijuayo. Mzungu huchanganyikiwa akaachwa. Wewe unafika kwa wakati. Lakini jihadhari na tarehe. Mwaka wa Ethiopia una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na mmoja wa siku tano au sita. Mwaka mpya huingia Septemba, na hesabu ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Unapokata tiketi, uliza tarehe hiyo ni ya kalenda ipi.

Je, wajua kwamba wenyeji huuita mji wao "Mji" tu? Kwa lugha yao Harar ni Gey, yaani mji, nao wenyewe ni watu wa mji. Ukuta wake, Jugol, ulijengwa karne ya 16 katika enzi ya Amiri Nur, ukiwa na malango matano. Ndani yake, katika eneo lisilofika hata kilomita moja ya mraba, mna misikiti 82 na maziara 102. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Lamu, na raha yake ni kupotea humo asubuhi nzima.

Je, wajua kwamba kuna mtaa uliopewa jina la mlio? Unaitwa Makina Girgir. Makina ni mashine, na girgir ndiyo sauti ya cherehani. Mafundi hukaa mstari mzima nje ya maduka, na mteja huweza kununua kitambaa, akapimwa, akasubiri nguo yake hapo hapo. Mtaa huo haulipishi kiingilio, na hakuna makumbusho yatakayokuonyesha uhai wa mji kama unavyouona hapo.

Je, wajua kwamba fisi wa Harar hulishwa kwa mkono? Giza likiingia, mlisha fisi hukaa nje ya ukuta na kapu la nyama, akawaita kwa majina. Hutoka gizani mmoja mmoja, fisi madoa wa porini hasa, wakachukua nyama kwenye kijiti kifupi. Wakati mwingine mlishaji hukishika kijiti kwa meno. Mgeni akilipa ada kidogo naye hupewa kijiti.

Hayo ni maonyesho kwa wageni, lakini chini yake kuna jambo la ndani zaidi. Ukuta una matundu chini ambayo fisi hupitia usiku, wakaingia vichochoroni kula mabaki, na mji hauwafukuzi. Wengi huamini kwamba fisi huwala majini wabaya. Siku ya Ashura kuna desturi ya kuwapikia uji wenye siagi. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za fisi mlafi na fisi wa mchawi tuna la kujifunza hapo: mnyama yule yule, jirani mwingine.

Je, wajua kwamba ukuta wa sebule ya Kiharari umejaa vikapu? Nyumba ya kale haina viti. Ina mabaraza ya ndani ya ngazi mbalimbali yaliyotandikwa mazulia, na kila mtu hukaa kulingana na heshima yake. Ukutani kuna vidaka vya vyombo, kama nyumba kongwe za mawe za pwani, na vikapu vya rangi vilivyosukwa na wanawake wa nyumba. Baadhi ya familia hupangisha vyumba kwa wageni. Lala huko badala ya hotelini, vua viatu mlangoni, nawe utaujua mji kutoka ndani.

Je, wajua kwamba neno letu "buni" lina jamaa huko? Kahawa kwa Kiamhari ni buna. Hukaangwa mbele ya mgeni, ikatwangwa, ikachemshwa kwenye chungu na kumiminwa mara tatu. Kuondoka kabla ya kikombe cha tatu si adabu. Harar, yenye kahawa mashuhuri duniani, huchemsha hata majani ya mbuni, kinywaji kiitwacho kuti.

Je, wajua kwamba Richard Burton alipita Harar kabla ya Ujiji? Mwingereza huyo aliingia Januari 1855, wakati mji ukiwa umefungwa kwa Wazungu, na miaka mitatu baadaye alifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, pamoja na msafiri mwenzake, Speke. Mwaka 1880 akaja Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyeacha ushairi akawa mfanyabiashara wa kahawa. Nyumba iliyopewa jina lake leo ni makumbusho yenye picha za kale za mji.

Kabla ya safari, ulizia hali ya usalama wa barabara. Ndege hutua Dire Dawa, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka Harar. Ukifika, salimu kwanza, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kikapu kinunue kwa mama aliyekisuka. Usiwaendee fisi peke yako. Nenda na mlishaji wao. Kisha tenga siku tatu, si moja. Mji ambao hata fisi wameachiwa njia hautakosa nafasi ya mgeni mwenye adabu.