Mwaka unaisha: feza iko mu sanduku, lakini faida iko?

Baba na mama walimaji, ndugu wanamemba wa koperative za Kasongo na Kabambare,

Kila mwezi wa kumi na mbili, nikipita ku vijiji, ninasikia neno moja: «Agronomu, mwaka huu tulitumika muzuri. Sanduku haiko wazi. Tugawanye, Noeli na Bonane zinafika.» Ni neno la haki. Watu walitoka jasho, watoto wanangoja nguo, na ile feza ni yao.

Lakini mara nyingi ninarudi mwezi wa pili na ninakuta mambo mengine. Mpunga unaingia kutoka mashamba, mkanda wa mashini ya kukoboa umekatika, na sanduku haina feza ya kununua mwingine. Mashini inalala wakati wa kazi nyingi. Mama wanarudi ku kinu, au wanabeba magunia mpaka ku mashini ya mfanyabiashara na kulipa bei ile anayotaka. Kisha maneno yanaanza: nani alikula feza?

Mara nyingi hakuna mtu aliyeiba. Ni hesabu ya mwisho wa mwaka ambayo haikufanywa. Leo tuzungumze juu ya hesabu hiyo.

Ulianza na magunia ngapi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza masomo ya agronomia, mbele ya kupata kazi, niliuza mchele. Nilinunua hapa Kasongo, niliuza Kindu, zaidi ya kilometa 200 za barabara ambayo munaijua. Kila safari nilirudi na feza mfukoni na nilijiona tajiri. Katika feza ileile nililipa minervali ya mdogo wangu, nilinunua dawa, nilikopesha shemeji. Sikuandika kitu, juu ya feza ilikuwa inaonekana.

Mwisho wa mwaka mama yangu, ambaye hakusoma, aliniuliza: «Mwanangu, ulianza na magunia ngapi? Na leo ukienda ku soko na feza yako yote, unaweza kununua magunia ngapi?» Nilianza na kumi. Siku ile feza yangu haikutosha hata kwa matano. Mwaka muzima nilikuwa ninakula mtaji, na nilifikiri ninakula faida.

Swali la mama ni hesabu nzima ya mwisho wa mwaka. Maneno mengine yote katika ukurasa huu ni njia ya kulijibu.

Punje 60 juu ya mkeka

Wanamemba wengi hawasomi kaye ya mtunza feza. Kwa hiyo siku ya mkutano tunatandika mkeka na tunahesabu na punje za mahindi. Kila punje ni franka 100.000. Tuchukue mfano wa kikundi chenye mashini moja ya kukoboa mpunga. Namba hizi ni za mfano tu; ninyi mutaweka zenu.

Kwa mwaka mzima wanamemba walileta kilo 60.000 za mpunga, na bei ya kukoboa ni franka 100 kwa kilo. Hiyo ni franka 6.000.000. Tunaweka punje 60 juu ya mkeka. Watu wanafurahi.

Sasa tunaondoa zile zilizotoka: punje 24 za mazuti, 12 za kumlipa mwenye kuendesha mashini, 7 za mafuta ya injini, mikanda na chekeche, 3 za kodi ya nyumba na taksi. Jumla 46. Zinabaki 14, ni kusema franka 1.400.000. Hapa ndipo watu wengi wanasimama na kusema: tugawanye.

Ngojeni kwanza. Tufungue sanduku: tunakuta franka 1.000.000, si 1.400.000. Juu ya nini? Juu ya watu walikoboa kwa deni, na deni lao ni franka 400.000. Zile punje nne ziko, lakini ziko mu nyumba za watu. Tunaziweka pembeni ya mkeka, kila mtu azione.

Tena, mwenye duka alitupa mazuti ya franka 200.000 ambayo hatujalipa na hatujaandika. Mazuti ile tuliitumia mwaka huu, basi ni deni la mwaka huu. Tunaondoa punje 2. Zinabaki 12.

Na mashini? Tuseme ilinunuliwa franka 7.000.000 na inaweza kutumika miaka saba. Basi kila mwaka inachakaa kwa franka 1.000.000. Hakuna mtu anayekuja kudai feza hiyo, kwa sababu hiyo tunaisahau. Lakini siku mashini itakufa, itadai yote mara moja. Tunaondoa punje 10.

Zinabaki 2. Faida ya kweli ya mwaka ni franka 200.000.

Mu mkutano, hapa watu wananyamaza. Kisha mmoja anauliza: «Na kama wale wenye deni hawalipi?» Ameelewa. Deni la watu ni punje 4, na faida ni 2. Kama nusu ya deni hailipwi, faida yote imekwisha. Ndiyo maana deni la mtu aliyehama au aliyekufa halihesabiwi kama feza. Tunaliandika kwa hasara, hata kama inauma.

Sheria inasema nini

Inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na koperative zetu zinafuata sheria ya OHADA ya mwaka 2010. Kuna mambo mawili ambayo kila mwanamemba ajue.

La kwanza: mkutano mkuu wa hesabu unafanyika katika miezi sita baada ya mwaka kufungwa. Mwaka ukifungwa tarehe 31 mwezi wa 12, mkutano usipite tarehe 30 mwezi wa 6. Mwanamemba ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Akiuliza, haiko kudharau prezida.

La pili: mbele ya kugawanya, koperative inaweka akiba mbili: akiba ya jumla, na akiba ya kufundisha wanamemba. Kila moja inapata asilimia 20 ya faida au zaidi, mpaka kila moja ifikie kiasi cha mtaji ulioandikwa katika statuti. Katika mfano wetu ni franka 40.000 na 40.000. Zinabaki franka 120.000.

Hizo ndizo zinaweza kurudi kwa wanamemba, na hazigawanywi kwa vichwa. Zinagawanywa kufuata kazi ambayo kila mtu alipitisha katika koperative. Franka 120.000 kwa kilo 60.000 ni franka 2 kwa kilo. Mama aliyekoboa kilo 1.000 anapata franka 2.000. Ni kidogo, ndiyo. Lakini mashini yake iko na feza ya kuipokea mwaka unaokuja, na kama mkutano unaona heri kuacha zile franka 120.000 kwa kununua mkanda wa akiba, mkutano una haki hiyo.

Neno moja juu ya kulinda ile feza ya mashini: vyombo vyake vinauzwa kwa bei ya dola. Siku munaweka feza, andikeni pembeni dola moja ilikuwa franka ngapi. Mwaka mmoja baadaye mutaona kama feza yenu ingali inanunua kitu kilekile. Na kama mkanda na chekeche vinajulikana kuharibika kila mwaka, ni vizuri kuvinunua mapema kuliko kulaza franka mu sanduku.

Hasara ambayo haiingii mu kaye

Mpunga ulifika kwetu na wafanyabiashara wa Pwani, wakati wa Tippu Tip, na mpaka leo ndio chakula na feza ya Kasongo. Lakini hasara yake kubwa haionekani mu kaye ya mtunza feza.

Kilo 100 za mpunga uliokauka vizuri zinaweza kutoa kilo 60 mpaka 65 za mchele ku mashini zetu ndogo. Chukueni gunia moja, pimeni mbele ya kukoboa na nyuma ya kukoboa. Kama munapata 62, endeleeni. Kama ni 57, munapoteza kilo 5 katika kila 100. Kwa kilo 60.000 za mfano wetu, hiyo ni kilo 3.000 za mchele: magunia 30 ya kilo 100! Hakuna hata gunia moja linaloonekana katika sanduku, kwa sababu hasara inabebwa na kila mama nyumbani kwake, kidogo kidogo.

Sababu zinajulikana: kisu cha mashini kimelika, chekeche imetoboka, mpunga haukukauka au ulipasuka juani, mbegu za namna mbalimbali zimechanganyika. Kisu kipya kinaweza kuwapa wanamemba zaidi kuliko ile franka 2 kwa kilo.

Angalieni pia mpunga ulioko mu depo. Ukiupokea na maji asilimia 20, kilo 100 zitakuwa kilo 93 hivi ukikauka mpaka asilimia 14. Kilo 7 ni maji yaliyopanda hewani, haiko mwizi. Lakini kama zilizokosekana ni 15, basi tafuteni panya, fukusi au mkono wa mtu. Kipimo kinalinda mwenye kuchunga depo kama kinavyolinda wanamemba.

Siku ya hesabu

Chagueni siku moja karibu na mwisho wa mwaka, na fanyeni hivi:

1. Watu watatu wahesabu: mtunza feza, memba mmoja wa kamati, na mwanamemba mmoja asiye wa kamati. Mtunza feza asihesabu peke yake. Ni kwa kumlinda yeye pia.
2. Hesabuni feza ya sanduku na iandikwe siku ileile.
3. Pimeni kila gunia la depo na mizani. Musiandike «karibu magunia 40».
4. Andikeni kila deni tunalodai: jina, kiasi, tangu lini. Kisha kila deni tunalodaiwa.
5. Angalieni mashini, mizani, kinga na bidoni: kipi kizima, kipi kinachakaa, bei yake leo ni ngapi.
6. Tandikeni mkeka, hesabuni na punje mbele ya wote, kwa sauti.
7. Ulizeni maswali matatu: nini kilituletea feza? Nini kilitulia feza? Kitu gani kimoja tutabadilisha mwaka ujao? Kimoja tu, na mtu mmoja apewe kazi ya kukifuata.

Na wewe mama unayeuza mawese ku soko, au wewe kijana wa karanga, hesabu hii ni yako pia. Weka mfuko wa nyumba mbali na mfuko wa kazi, hata kama ni kopo mbili chini ya kitanda. Ukitoa feza ya kazi kwa dawa ya mtoto, haiko zambi: mtoto kwanza. Lakini iandike, au funga fundo mu kamba kama hauandiki. Ukifika Bonane, hesabu mafundo, kisha jiulize swali la mama yangu: ulianza na bidoni ngapi, na leo unaweza kununua ngapi?

Jibu likiwa zuri, kula sikukuu na roho nyeupe. Likiwa baya, umelijua mwezi wa kumi na mbili, wakati ungali na kitu mkononi, na si mwezi wa pili mbele ya mashini iliyolala.