Nani Awezaye Kungoja Bei ya Meli Ishuke?

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ameniletea swali ambalo nadhani lina wenyewe wengi hapa mjini. Binti yake anaishi Uingereza na amekwisha kupata uraia wa huko. Amewaalika wazazi wake wasafiri pamoja naye kwa juma zima katika meli ya kitalii kwenye Bahari ya Mediterania, kuanzia Barcelona na kurudi Barcelona. Nusu ya gharama atatoa binti, na nusu itatoka katika kiinua mgongo cha mzee. Wakala wa usafiri anasema lipeni sasa, vyumba vinakwisha. Binti anasema ngojeni kwanza, kwani rafiki zake hununua wiki chache kabla ya safari, tena kwa bei ya kutupa. Mzee anauliza nani kati yao msema kweli.

Wote wawili wanasema kweli, ila hawazungumzi habari ya msafiri mmoja. Na kwa kuwa fedha inayobishaniwa ni ya mtu aliyefundisha maisha yake yote, inafaa tulieleze jambo hili kwa kituo.

Kwanza tuielewe bidhaa yenyewe. Meli hizi wakazi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wamewahi kuziona zikitia nanga, nyeupe kama mtaa mzima wa maghorofa uliong'olewa na kuwekwa majini. Kubwa kati yake ni kubwa kweli kweli. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, huweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, bila kuhesabu mabaharia na wahudumu. Abiria hulipia chumba, chakula na burudani kwa mkupuo mmoja, na meli huwatembeza kutoka bandari hadi bandari. Gharama ya kuiendesha haipungui sana chumba kimoja kikibaki kitupu. Nahodha ni yuleyule, mafuta ni yaleyale, mpishi ni yuleyule. Lakini kamba ikishafunguliwa gatini, chumba kilichobaki kitupu hakiuziki tena. Kimeoza.

Nimesema kimeoza kwa makusudi. Nenda soko la samaki la Feri saa mbili asubuhi uulize bei ya changu, kisha urudi jioni. Samaki ni yuleyule, muuzaji ni yuleyule, ila sasa anakuita yeye. Mwenye meli naye yuko hivyo, lakini ana shida moja ambayo muuza samaki hana. Wateja wake wa asubuhi bado wapo. Wamelipa bei kubwa miezi mingi nyuma, na watakaa meza moja na huyo aliyenunua jioni. Wakigundua, mwaka ujao hakuna atakayenunua asubuhi. Ndiyo maana kampuni hizi hazipendi kupiga kelele za kushusha bei. Mara nyingi huiacha bei ilivyo, kisha huongeza zawadi: vinywaji vya bure, fedha kidogo za matumizi ndani ya meli, au chumba chenye dirisha kwa bei ya chumba kisicho na dirisha. Au huuza kimyakimya kupitia mawakala wachache, kwa wakazi wa mji fulani tu.

Hesabu hizi hazikuanzia melini, zimetoka angani. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli za ndege mwaka 1978, mashirika yalianza kugombania abiria. Mwaka 1985 American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilijibu ushindani wa People Express kwa kutoa nauli za chini sana, lakini kwa masharti: ulipe mapema, na ukivunja safari ujue umepoteza. Viti vilivyobaki vilitunzwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa dakika ya mwisho, ambaye hana budi kusafiri na atalipa chochote. Kompyuta ndizo zilizokuwa zikiamua viti vingapi viende kwa nani. Hoteli zikaiga, na meli nazo zikaiga. Lakini tuangalie tofauti. Kwenye ndege, wa mwisho mara nyingi ndiye anayeumia. Melini hakuna mfanyabiashara anayekimbilia mkutano, kwa hiyo wa mwisho anaweza kuneemeka. Basi anayepeleka mazoea ya ndege melini, au ya melini kwenye ndege, anajipotosha.

Sasa tufuate kalenda. Kampuni hufungua mauzo mwaka mmoja na nusu, hata miaka miwili, kabla ya safari. Wanaokimbilia wakati huo ni wale wanaotaka chumba fulani mahsusi: familia ya watu wanne, mgonjwa anayetaka kuwa karibu na lifti, mpenda kibaraza. Wanafanya vema, kwani vyumba vya namna hiyo ni vichache. Kuanzia Januari hadi Machi ndipo matangazo yanapofurika. Watu wa Ulaya na Marekani wanatetemeka kwa baridi na wanaota jua, na kampuni zinalijua hilo. Ofa za miezi hiyo si uongo, ingawa mara nyingi ni zile zawadi nilizozitaja kuliko bei yenyewe kushuka.

Kisha huja siku ambayo wateja wengi hawaitilii maanani, nayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: siku ya mwisho ya kumaliza malipo. Aliyeweka nafasi hutoa malipo ya kwanza, kile watu wa mjini wanachokiita kishika uchumba. Fedha iliyobaki huimalizia, kwa kawaida, karibu siku 90 kabla ya safari. Kampuni nyingine hudai mapema zaidi, nyingine huchelewa kidogo. Siku hiyo wengi hujitoa na vyumba vyao hurudi sokoni. Mwenye meli hutazama daftari lake. Meli ikiwa imejaa, bei hupanda. Ikiwa na mapengo, bei hushuka. Hapo ndipo rafiki wa yule binti wanapookota vyumba vyao.

Hata hivyo wasidhani kwamba mapengo yapo kila mwaka. Janga la korona lilisimamisha meli hizi tangu Machi 2020, na ziliporudi zilikuwa zikiuza kwa bei ya chini ili kuwarudisha watu. Lakini tangu 2023 kampuni kubwa zimekuwa zikitangaza meli kujaa kwa zaidi ya asilimia 100. Msikilizaji asishangae kwa hesabu hiyo: wao huhesabu watu wawili kwa chumba, mtoto akiongezeka juu ya kitanda cha tatu hesabu inapita mia. Meli iliyojaa namna hiyo haina sababu ya kumbembeleza mtu wa jioni.

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, niseme kwamba tarehe ya kununua haina nguvu kama tarehe ya kusafiri. Mediterania ya mwezi Agosti, shule za Ulaya zikiwa zimefungwa, ni ghali hata ukinunua miaka miwili kabla. Mediterania hiyohiyo mwanzoni mwa Oktoba ni nafuu, na jua bado lipo. Huko Karibi bei hushuka Septemba, lakini kwa sababu isiyofurahisha: msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni hadi Novemba, na Septemba ndiyo kilele. Meli itakwepa kimbunga, nawe utajikuta kwenye bandari usiyoichagua. Yupo pia msafiri asiye na haraka, anayeweza kupanda meli zinapohama kutoka Karibi kwenda Ulaya mwezi Aprili na Mei, au zinaporudi Oktoba na Novemba. Kwa kila usiku mmoja, hizo huwa miongoni mwa safari za bei ya chini kabisa. Lakini utaona maji tu siku nyingi, na utashukia bara jingine, na nauli ya kurudi ni juu yako.

Mzee wetu ni mstaafu, hana muhula wa shule wa kuungoja. Oktoba inamfaa.

Sasa jambo lenyewe. Binti, kwa pasipoti yake ya Uingereza, anaweza kuamka Jumatatu, akaona chumba cha bei ya kutupa, na Jumamosi akawa Barcelona. Hatakiwi viza kwa ziara fupi. Ndege za kutoka London ni nyingi na nauli yake si ya kutisha. Kwake yeye kungoja hakuna gharama. Asipopata Mediterania atakwenda kwingine, au atakaa nyumbani. Ushauri wote wa ngojea dakika ya mwisho umeandikwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Baba yake anahitaji viza ya Schengen. Kwa kanuni zao, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa kwa kawaida katika siku 15, lakini huweza kufika 45, na hizo zinahesabiwa baada ya maombi kupokelewa. Kupata miadi ya kuyapeleka ni foleni nyingine. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudi ukikataliwa. Bima ya safari inatakiwa. Tena aangalie ramani ya meli: ikitoka Barcelona ikagusa Tunisia au Uturuki kisha ikarudi, abiria ametoka Schengen na anaingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Na kama binti atabadili mawazo aseme heri tupandie Southampton twende Norway, mzee atahitaji viza mbili, ya Uingereza na ya Schengen. Katika tangazo la meli huyaoni haya. Yameandikwa kwa herufi ndogo kwamba nyaraka za safari ni jukumu la abiria.

Maana ya sentensi hiyo fupi ni hii. Ukinyimwa viza, kampuni huhesabu kwamba wewe ndiye uliyevunja safari. Ukivunja kabla ya ile siku ya kumaliza malipo, unapoteza kishika uchumba, au hupotezi kitu kama ulinunua kwa masharti ya kurudishiwa. Ukivunja baada yake, makato hupanda kadiri siku zinavyokaribia, hadi fedha yote. Kiinua mgongo kinaweza kuliwa na bahari bila mzee kulowana hata unyayo.

Basi kwa msafiri wa kwetu mwenye viza ya kuomba, swali la bei ya chini huja la pili. La kwanza ni namna ya kupata jibu la ubalozi kabla ya siku ya kumaliza malipo. Tuseme safari ni tarehe 5 Oktoba. Siku ya kumaliza malipo itaangukia mwanzoni mwa Julai. Maombi ya viza yanaweza kupelekwa kuanzia mwanzoni mwa Aprili. Kati ya Aprili na Julai ana miezi mitatu, na hapo ndipo pa kufanyia kazi. Chumba akiweke wakati wa ofa za Januari hadi Machi, achague masharti ya kurudishiwa hata kama ni ghali kidogo, kisha Aprili ikiingia awe mlangoni na karatasi zake zote.

Bei ikishuka baadaye je? Marekani ni kawaida kwa wakala kukuombea bei mpya iliyo chini, maadamu hujamaliza malipo. Uingereza jambo hilo ni gumu zaidi, na malipo ya kwanza kwa kawaida hayarudi. Kwa hiyo binti asilipie huko kwa niaba ya wazazi kabla ya kusoma masharti.

Lipo na suala la fedha yenyewe. Bei imeandikwa kwa yuro au dola, mzee anaweka akiba kwa shilingi. Wakenya wanakumbuka: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za kwao, na ilipofika katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyelipa Januari na aliyelipa Juni, kwa chumba cha bei ileile, hawakutoa fedha sawa. Hakuna ofa ya kampuni inayoweza kushindana na msukosuko wa namna hiyo. Na juu ya bei ya tangazo kuna bakshishi inayokatwa kila siku, ambayo katika meli kubwa za Kimarekani ni kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila mtu. Kwa wazee wawili na usiku saba, hiyo peke yake inapita dola 220.

Kwa wale watakaokata tamaa, wakumbuke Durban. Kwa miaka mingi meli za MSC zimekuwa zikifanya safari fupi kutoka huko kwenda pwani ya Msumbiji wakati wa kiangazi cha kusini, na Watanzania na Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi. Msafiri wa hapo naye anaweza kungoja kama yule binti, mradi aepuke Krismasi na aulize masharti ya Msumbiji kwa pasipoti yake.

Mzee wangu, wewe umeuliza ya Barcelona. Mwambie wakala akuandikie mambo matatu kwenye karatasi na kugonga mhuri: siku ya mwisho ya kumaliza malipo, kiasi utakachorudishiwa ukinyimwa viza kabla ya siku hiyo, na bandari zote ambazo meli itagusa. Akikataa kuandika, tafuta wakala mwingine. Mwezi Machi bado haujapita.