Pesa Zilizokatwa Mara Mbili

Mama mmoja wa hapa Bodo alitujia barazani baada ya Alasiri, uso umemshuka. Benki ilikuwa imekata shilingi 6,400 mara mbili kwenye kadi yake, naye alikumbuka kununua mara moja tu, dukani Ukunda. Nyumbani shaka ikamwangukia mwanawe wa mwisho, kwa kuwa ndiye ajuaye namba ya siri na ndiye amtoleaye pesa kwenye mashine. Kijana, kwa uchungu, akavuka kwenda kukaa kwa mjomba wake Funzi.

Tulimuuliza habari za risiti. Akafungua fundo la leso, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema malipo yamekataliwa. Ya pili, yamekubaliwa. Zilipishana dakika tatu. Mashine ilidai imekataa, ilhali benki ilikwisha kukata.

Duka lilimwambia aende benki. Benki, kwa mdomo, ikamrudisha dukani. Tukamshauri asizungumze tena bali aandike. Benki iliyotoa kadi ndiyo ipokeayo dai: mwenye kadi hujaza fomu ya kupinga malipo, huambatisha nakala za risiti, na haondoki bila namba ya malalamiko. Hapo benki huyafikisha madai kwa benki ya muuzaji, naye muuzaji hutakiwa athibitishe kuwa aliuza mara mbili. Sisi tuliosoma fiqhi hatuuoni mwendo huu kuwa mgeni: adaiye ndiye aletaye bayana. Lakini muda wa kudai una mpaka, basi mtu asingoje. Benki ikinyamaza, malalamiko hupelekwa Benki Kuu ya Kenya. Na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kimezitaja haki za mtumiaji wa huduma.

Ingekuwa malipo asiyoyajua kabisa, jambo la kwanza lingekuwa kupiga simu benki saa ile ile ili kadi ifungwe. Na hapo namba ya siri iliyogawiwa, hata kwa mtoto wa kumzaa, ingemponza, kwani benki huhesabu kuwa mwenye kadi ameshindwa kuitunza amana yake.

Pesa zilirudi baada ya wiki tatu. Kijana alikwisha kurudi kabla yake: kesho yake asubuhi, baada ya kuzisoma zile karatasi, mama alipanda mashua akamfuata Funzi mwenyewe. Namba ya siri ameibadilisha.