Kupima Hatari za Nyumba Iliyosheheni Vitu

Katika nchi kavu ya Ikungi, mkoani Singida nchini Tanzania, ambako msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na mvua ikikatika mapema mtama hukauka shambani kabla ya kukomaa, kuweka akiba ni busara iliyorithiwa, na mtu atupaye ovyo gunia au debe ambalo bado lafaa huhesabiwa kuwa mpotevu. Kwa ajili hiyo, yeyote aingiaye katika maskani iliyosheheni vitu ili kupima hatari zake, awe afisa afya, mtendaji wa kijiji au mtoto wa aila hiyo aliyerudi kutoka mjini, hana budi aanze kwa adabu, kwa maana yale ayaonayo kuwa takataka, mwenyewe aliyaweka kwa kuogopa njaa aliyoijua. Lakini akiba nayo ina mpaka, na mpaka huo hupitwa pale vitu vinapomnyima mtu nafasi ya kupita, ya kupika, ya kulala na ya kuvuta pumzi.

Jambo la kutazamwa kwanza ni njia ya kutokea. Tembe, nyumba ya asili ya Wanyaturu na ya jirani zao Wagogo, ina kuta za udongo, paa bapa la udongo lililobebwa na miti, matundu madogo mahali pa madirisha, na aghalabu mlango mmoja. Mlango huo ukibanwa na magunia ya alizeti, na koroboi ikaanguka karibu na dumu la petroli ya pikipiki, waliomo ndani hawana pengine pa kukimbilia. Mpimaji na asimame pale alalapo mzee au mtoto, kisha aende hadi mlangoni bila taa. Akijikwaa, amekwisha pata jibu. Tena asogeze magunia yaliyoegemezwa nguzoni, kwa sababu nyuma yake mchwa hula mti kwa siri, na paa la udongo likilowa huwa zito mno.

Kwamba marundo huua si maneno ya kutishia watu. Mjini New York, mwezi Machi 1947, Homer Collyer, kipofu aliyepooza, alikutwa amekufa katika nyumba iliyojaa hadi darini; nduguye Langley, aliyekuwa akimlisha, alipatikana mwezi uliofuata hatua chache tu kutoka hapo, ameangukiwa na marundo aliyoyapanga mwenyewe. Zaidi ya tani 100 za vitu zilitolewa.

Huko Marekani wataalamu wametunga kipimo cha picha 9 kwa kila chumba, kuanzia chumba kisicho na mrundikano hadi kilichofurika, nacho ni kipimo chema. Lakini kwa nyumba zetu, ambako chumba kimoja huweza kuwa ghala, jiko na malazi kwa pamoja, naona hakitoshi, kwa sababu madhara makubwa huenda yamo katika kitu kidogo kisichojaza hata kiganja. Nakusudia vidonge vya kufukizia nafaka. Tangu dumuzi, mdudu mharibifu wa nafaka ghalani, aingie nchini kupitia Tabora, na kutambuliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wamelazimika kutafuta dawa. Na vidonge vya fostoksini vikikutana na unyevu hutoa hewa ya fosfini, ambayo haichagui kati ya mdudu na mtoto aliyelala kando ya gunia. Mahali penye vidonge hivyo pasilale kiumbe. Mifuko ya kinga njaa, ifungwayo pasiingie hewa, huhifadhi nafaka bila dawa yoyote.

Kisha mpimaji atazame unyevu na ukungu: mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, iliua watu 20 waliokula mahindi ya nyumbani. Atazame pia nyufa za sakafu ya udongo, maana humo hujificha papasi, mdudu anyonyaye damu usiku, ambaye tabibu Mjerumani Robert Koch alimchunguza katika nchi hii mwaka 1905 na kuthibitisha kwamba huambukiza homa. Marundo yasiyosogezwa humpa papasi hifadhi, na panya vilevile.

Wapo pia wale ambao hawarundiki kwa kuogopa njaa, bali nafsi zao huingiwa na fadhaa kubwa wakiambiwa waachane na hata karatasi moja. Hayo ni maradhi, nayo yamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mtu wa namna hiyo asiviziwe akiwa safarini na vitu vyake vikachomwa moto. Tendo hilo humvunja moyo, na nyumba hujaa tena. Apelekwe kwa tabibu, na hospitali ya Mirembe iliyopo Dodoma ndiyo ya rufaa kwa maradhi ya akili.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mzazi katika nyumba ya namna hii, mwombe ruhusa leo muondoe pamoja petroli na dawa za nafaka, kisha mfungue njia kutoka kitandani hadi mlangoni; mengine yangojee. Na moto ukitokea, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.