Kibanio cha Kidoleni

"Nesi, hicho kidude kinanyonya damu?" bibi mmoja aliniuliza wodini, akificha mkono chini ya khanga. Hakinyonyi kitu, bibi. Kinamulika tu.

Upande mmoja wa kibanio mna vitaa viwili: kimoja chekundu, kingine cha infraredi, kisichoonekana kwa macho. Upande wa pili kuna kipokezi kinachopima mwanga uliopenya kidole. Damu yenye oksijeni hupitisha zaidi mwanga mwekundu. Isiyo nayo huuzuia. Kwenye infraredi mambo hugeuka.

Lakini nyama na mfupa navyo huzuia mwanga, au sivyo? Hapo ndipo nampenda Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliona dawa yake: fuata kile tu kinachopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, maana hiyo ndiyo damu ya ateri. Mashine hulinganisha mianga miwili, kisha huandika, tuseme, 97: asilimia ya himoglobini, ile protini ya damu, iliyobeba oksijeni. Kwa mtu mzima mwenye afya, 95 kwenda juu ni sawa.

Mimi siiamini kwa kufumba macho. Hufuta kwanza rangi ya kucha, nikapasha vidole vya baridi. Kwa ngozi nyeusi kama yangu huweza kuzidisha kidogo, basi natazama pia kifua kinavyohema.

Kinachonitisha ni moshi wa mkaa. Gesi yake ya kaboni monoksidi hukamata himoglobini, na kibanio hudhani ni oksijeni. Huandika 98 huku mtu anakufa. Ukileta mgonjwa aliyelala na jiko chumbani, tuambie ukiwa mlangoni.