Tuache wali au tuhesabu kalori?

LONDON — Kila ukiingia mwaka mpya, katika nyumba nyingi za ndugu zetu walioko hapa Uingereza mjadala huwa ni ule ule: tuache wali na ugali, au tule vyote lakini tuhesabu kalori?

Mjadala huu una mizizi mirefu hapa London. Mwaka 1863 mtengeneza majeneza wa mji huu, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza alivyopunguza kiasi cha kilo 21 kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Alifariki mwaka 1878 akiwa na miaka 81.

Je, wataalamu wanasemaje? Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa matokeo ya utafiti wa watu 609. Kundi moja lilipunguza wanga, la pili mafuta, na hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Baada ya miezi 12 kundi la wanga lilipungua wastani wa kilo 6.0, la mafuta kilo 5.3. Kitaalamu hiyo si tofauti. Lakini ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana, na wapo walionenepa.

Kuhesabu nako kuna taabu yake. Tangu Aprili 2022 sheria ya England inayataka makampuni makubwa ya mikahawa yaandike kalori kwenye orodha ya vyakula. Lakini sinia la pilau la harusi, watu wanne wanakula pamoja, nani atalihesabu? Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia pekee kina kalori zipatazo 120.

Ndugu wasomaji, suala hapa si umbo tu. Watu wenye asili ya Afrika na Asia hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Utafiti wa DiRECT, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa England, uliwapa wagonjwa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 hawakuwa tena na kisukari, bila dawa. Baada ya miaka miwili walibaki 36. Kupungua kunawezekana, kazi ni kudumu.

Kwa maoni yetu, njia bora ni ile utakayoiweza hata siku ya Idi na Krismasi. Asiyeweza kuhesabu apunguze wali nusu, nafasi yake ijazwe mchicha na samaki. Asiyeweza kuishi bila ugali aupime, na mafuta ayapime pia.

Tahadhari moja: anayetumia insulini au vidonge vya gliclazide asipunguze wanga kabla ya kumwona daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kitambi.