Foleni ya Ujumbe na Kikomo Chake: Kutoka Ngoma ya Isangi hadi Kompyuta

1.0 Utangulizi

Isangi ni mji ulio magharibi mwa Kisangani, katika jimbo la Tshopo, pale mto Lomami unapoingia katika mto Kongo. Walokele, ambao ni wavuvi na wachuuzi wa mto huo, wamejulikana kwa ustadi wao wa kupelekeana habari kwa ngoma. Makala haya yanaitumia ngoma hiyo kufafanua tatizo linaloikabili mitandao ya kompyuta: ujumbe ufanywe nini iwapo mpokeaji hayuko tayari kuupokea? Hoja kuu ni kwamba jibu la swali hilo halitoshi kuandikwa katika maelezo ya programu. Ni lazima lipimwe.

2.0 Ngoma Isiyo na Foleni

Ngoma ya Walokele, iitwayo bongungu, ni gogo lililochongwa ndani na kuachiwa mwanya mrefu. Kingo mbili za mwanya huo hutoa sauti mbili, ya juu na ya chini, na sauti hizo hufuata toni za maneno ya Kilokele. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu, alichapisha kitabu juu ya ngoma hizi mwaka 1949. Alieleza kwamba maneno mengi hulingana kwa toni, kiasi kwamba neno la mwezi na neno la kuku husikika sawasawa ngomani. Kwa hiyo mpigaji huongeza maelezo: mwezi husemwa kuwa ndio uitazamao ardhi kutoka juu. Urefu huo humwokoa msikilizaji aliyekosa kipande cha ujumbe.

Hata hivyo, urefu haumsaidii asiyekuwapo kabisa. Hewa haina ghala. Ngoma ya msiba ikipigwa wakati jamaa wa marehemu yuko mbali, ujumbe umepotea, isipokuwa kijiji kingine kiusikie na kuupiga upya. Jamaa huyo hatafika mazikoni, na aliyepiga ngoma hatajua kuwa hakusikika.

3.0 Foleni na Alama ya Maji Kujaa

Kompyuta hulikabili tatizo hili kwa foleni, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo ujumbe husubiri zamu, uliotangulia ukitoka kwanza. Lakini kumbukumbu ina mwisho. Mtumaji akizidi kumshinda mpokeaji kwa kasi, foleni hurefuka hadi programu nzima ianguke. Ndiyo maana ZeroMQ, maktaba ya programu itumikayo kuunganisha programu mtandaoni, huwekea foleni kikomo. Jina la kikomo hicho limetokana na maji: ni alama ya maji kujaa. Watu wa ukingo wa mto hawahitaji kuelezwa maana yake.

Katika toleo la 2 la maktaba hiyo foleni haikuwa na kikomo pasipo mtumiaji kukiweka. Tangu toleo la 3, kikomo cha kawaida ni ujumbe 1000. Kinachofuata maji yanapofika alamani hutegemea aina ya soketi. Soketi ya kusukuma humfanya mtumaji asubiri. Soketi ya kutangaza huutupa ujumbe wa ziada bila kumwarifu mtumaji. Hapo ngoma ya msiba imerudi: sauti imetoka, na hakuna ajuaye kama imefika.

4.0 Namna ya Kupima

Jaribio lenyewe ni jepesi. Soketi mbili huunganishwa ndani ya programu moja. Mpokeaji huachwa bila kupokea, naye mtumaji hutuma bila kusubiri, akihesabu, mpaka akataliwe. Asiyejua atatarajia kukataliwa baada ya ujumbe 1000. Hesabu hutoa 2000. Hakuna kosa: kila upande una kikomo chake, na ndani ya programu moja vikomo hivyo hujumlishwa. Upande mmoja ukipewa sifuri, ambayo maana yake ni kutokuwa na kikomo, hesabu haikomi. Hivyo mpimaji hujiwekea mwisho, kwa mfano 10,000.

Kisha ujumbe wote hupokelewa, na mwingine mmoja hutumwa. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayothibitisha kuwa foleni iliyojaa hufunguka tena ikitolewa maji.

Mambo hubadilika programu zinapokuwa katika mashine mbili. Mfumo endeshi wa kila mashine nao huhifadhi data njiani, na maelezo ya ZeroMQ yenyewe yanaonya kwamba kikomo halisi huweza kuwa chini sana ya kilichoandikwa. Kwa hiyo matokeo ya mashine moja yasichukuliwe kuwa ahadi ya mtandao mzima. Aidha, kwa soketi ya kutangaza kukataliwa hakuonekani. Ni lazima kila ujumbe upewe namba, na mpokeaji atafute pengo.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba kikomo si nambari tu, bali ni uamuzi juu ya nani abebe hasara: mtumaji anayesubiri au mpokeaji anayekosa. Ngoma ya Isangi haikuwa na uamuzi huo, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kuweka neno. Mtungaji wa programu anao, na asipoupima, foleni itamwamulia siku itakapojaa.